Mchumba Aliyekataa Kazi ya Amandine

— Weye njo ulikataa kazi yangu?

Amandine Niyongabo aliuliza asubuhi ile ya Jumatatu, akiwa bado mlangoni mwa maktaba ya chuo, simu mkononi, pumzi zikimpanda na kushuka. Nyuma ya meza, Irakiza aliacha kuandika kwenye kompyuta.

— Sikuikataa. Niliisimamisha.

— Hapa imeandikwa "haikupokelewa". Nisomee weye mwenyewe.

— Najua kilichoandikwa, Ama.

— Basi niambie sababu.

Irakiza alimtazama mchumba wake, kisha akashusha macho.

— Siwezi.

Neno hilo lilimchoma Amandine kuliko tusi. Mwaka ule chuo chao cha Uvira kilikuwa kimebadilisha namna ya kupima watafiti. Zamani mtu alipeleka bahasha iliyojaa majina ya majarida ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Sasa tume ya kupandisha daraja ilihesabu tu kazi iliyowekwa kwenye hifadhi ya wazi ya chuo, mahali kwenye mtandao ambapo yeyote angeweza kuisoma bila kuzuiwa, awe profesa au mkulima wa Kamanyola. Kazi ambayo haingekuwemo kufikia Ijumaa saa kumi ilikuwa kama haikuandikwa. Na aliyeshika funguo za hifadhi hiyo alikuwa Irakiza, kijana wa Rurambo ambaye wazazi wake walikuwa washuke Jumapili kwenda Mutarule, kwao Amandine, kumposa rasmi.

— Miaka mitatu nimetembea mu mashamba ya mihogo, Irakiza. Miaka mitatu. Nikikosa daraja safari hii, nitangoja mpaka lini?

— Ngoja barua ya tume.

— Weye ni mwoga.

Amandine aligeuka akatoka, na viatu vyake vikasikika mpaka chini ya ngazi.

Barua ilikuja Jumatano. Ilikuwa fupi: kazi kuhusu ugonjwa unaoozesha mizizi ya mihogo katika bonde la Ruzizi ilikuwa imewekwa mara mbili, siku mbili zikipishana, kwa majina mawili tofauti. La kwanza lilikuwa la Bwana Venant, mkuu wa idara yake. La pili lilikuwa lake. Wote wawili waliitwa mbele ya tume kesho yake, saa tatu asubuhi.

Amandine aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Venant ndiye ambaye Amandine alimpelekea mswada mwezi wa tatu ili ausahihishe. Aliurudisha na koma tatu tu zilizorekebishwa, na sifa nyingi.

Kumbe Irakiza alijua. Alijua tangu Jumatatu, akamwacha aondoke na aibu yake.

Alimpigia baba yake, mzee Herménégilde, aliyekuwa shambani Mutarule.

— Papa, waambie wa Rurambo wasishuke Jumapili.

— Kuna nini?

— Mambo ya kazi.

— Mambo ya kazi hayafungi mulango wa nyumba. Amekupiga?

— Hapana, Papa.

— Iko na mwanamuke mwingine?

— Hapana. Aliona muntu ananiibia, akanyamaza.

Kwa mbali mbuzi walisikika.

— Ulimuuliza?

— Nilimuuliza. Akasema hawezi kuniambia.

— Siwezi na sitaki si neno moja, mwanangu. Minye sitamfukuza mugeni ambaye sijamusikiliza. Maliza kwanza ile kazi yako, kisha tutaongea.

Jioni hiyo ujumbe wa Venant uliingia: "Dada Amandine, tusichafuane mbele ya watu. Kesho tuseme tuliandika pamoja. Mimi jina la kwanza, wewe la pili. Wote tutapanda daraja. Fikiria vizuri."

Alifikiri. Hakuna atakayejua, na mwaka ujao angepanda daraja, aitwe chef de travaux kama alivyoota tangu siku ya kwanza chuoni. Kisha akakumbuka jua la Sange, matope ya Luvungi, na siku alipovuka mto maji yakiwa kiunoni, daftari kichwani. Venant hakuwa nyuma yake siku hiyo.

Akajibu: "Hapana. Kesho tutaonana."

Tume ilikuwa na watu watano. Aliyekaa kati alikuwa Profesa Generose, mama mwenye sauti ndogo ambayo haikuhitaji kurudia kitu.

— Bwana Venant, kazi ni yako?

— Ni yangu, Mama Profesa. Mademoiselle alinisaidia kukusanya habari. Alikuwa chini yangu.

— Vizuri. Ukurasa wa thelathini na moja unataja mkulima anayeitwa Mukabalisa. Wengine wote wamepewa namba. Kwa nini yeye ana jina?

Venant alifungua karatasi zake, akazifunga.

— Ni... makosa ya uandishi. Yatasahihishwa.

— Amandine?

— Si makosa, Mama Profesa. Mama Mukabalisa njo aliyeona kwanza kwamba mihogo iliyopandwa nyuma ya mahindi kuvunwa haiozi sana. Nilimwambia nitamficha kwa namba, kama kawaida. Akasema: "Miaka yote minye nalima, hakuna aliyeandika jina langu hata mu karatasi ya kodi. Kama ile maneno iko ya kweli, andika ni nani aliyesema." Nilimpa fomu, akaweka kidole. Fomu hii hapa.

Profesa aliipokea, akaiangalia kwa muda, akampa jirani yake. Kisha akamgeukia dada aliyekaa pembeni na kompyuta.

— Laure, hifadhi inasema nini?

— Inasema Amandine Niyongabo aliweka daftari zake za shambani na majedwali yote mwezi wa kumi, 2021. Wakati ule hakuna tume iliyohesabu vitu kama hivyo. Takwimu zote za kazi hii zimo humo, mpaka makosa yake ya hesabu na namna alivyoyarekebisha. Kwa jina la Bwana Venant sikupata kitu kuhusu mihogo kabla ya wiki iliyopita.

Venant alijipangusa paji la uso.

— Mama Profesa, tusidanganyane. Anayeshika hifadhi ni mchumba wake. Kila muntu hapa Uvira anajua.

— Anayeshika hifadhi kwa jambo hili ni Laure, alisema Profesa. Irakiza alijiondoa Jumatatu saa mbili asubuhi. Nilikuwa sitaki kusoma barua yake hadharani, lakini umenilazimisha.

Akavaa miwani.

— "Kazi mbili zinazofanana zimewekwa. Mmoja wa walioziweka ni mchumba wangu. Nazisimamisha zote mbili kama sheria inavyosema, na naomba mtu mwingine azichunguze. Sitamwambia neno mpaka tume imwite. Naamini kazi ni yake. Ndiyo sababu sitaki iguswe na mkono wangu, ili akishinda, asipatikane mtu wa kusema alishindishwa."

Amandine aliinama. Machozi yalimdondokea juu ya fomu nyingine za wakulima alizoshika, naye akayafuta upesi kwa kiganja ili yasiharibu wino.

Saa sita mchana kazi yake ilikuwa wazi kwa dunia nzima, jina lake likiwa peke yake chini ya kichwa. Jina la Venant liliondolewa, na yeye akaitwa mbele ya baraza la nidhamu.

Amandine alimkuta Irakiza nyuma ya maktaba, anatazama ziwa. Alisimama kando yake.

— Nilikuita mwoga.

— Uliniita.

— Mbona hukujitetea?

— Ningefungua mdomo, ningesema yote. Najijua.

— Nilikuwa tayari kuvunja Jumapili. Nilimpigia Papa.

— Najua. Alinipigia. Aliniuliza kama nilikukosea. Nikamwambia aulize tena Alhamisi.

Amandine alicheka kidogo, kisha akawa mkali tena.

— Lakini sikiliza. Siku nyingine ukifungwa mdomo, niambie tu kwamba umefungwa mdomo. Usiniache nifikiri huko peke yangu.

Irakiza aliitikia kwa kichwa polepole.

— Hapo nilikosa. Nisamehe.

— Nimekusamehe. Weye je, kwa lile neno?

— Lile neno liliuma, alisema. Lakini nilijivunia yule aliyelisema. Sikuwahi kuona muntu anapigania kazi yake hivyo.

Alimshika mkono, naye Amandine hakuutoa.

Jumapili, baada ya misa, wa Rurambo walishuka. Mzee Tuyizere, baba yake Irakiza, aliongea kwanza, fimbo ikiwa magotini.

— Sisi ni watu wa ng'ombe. Mihogo hatuijui. Lakini tumesikia habari ya binti yenu mpaka kule juu, na tumekuja kuomba.

Herménégilde alisimama.

— Minye sikusoma sana. Kijana wenu alipata nafasi ya kumpendelea mutoto wangu, akakataa, kwa sababu alimuamini. Muntu wa namna hiyo nampa binti yangu mchana, watu wote wakiona. Amandine, unakubali?

Amandine alisimama katika kitenge chake cha kijani.

— Nakubali, Papa. Ila juu ya kazi zangu jina langu litabaki lile lile. Amandine Niyongabo.

Watu walitazamana. Mzee Tuyizere alimgeukia mwanawe, na Irakiza akatabasamu. Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika.

— Libaki, mwanangu. Libaki hivyo hivyo, tuwaonyeshe na jirani zetu.

Akina mama wa kwao Amandine hawakungoja neno lingine. Vigelegele vilipanda Mutarule yote.