Sahani ya Umi Chini ya Kawa

Umi alitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha korosho akiwa hoi. Nyumbani kwake, mtaa wa Rasbura, alikuta sahani yake imefunikwa kawa: wali wa nazi na samaki wa kupaka, imejaa pomoni. Mumewe, Iddi, hakukosa kumwekea hata siku moja. Kwao, kuacha chakula ulichowekewa ni kumvunja moyo aliyekuwekea. Basi Umi akala chote, akajiandaa kulala.

Kumbe kazini alishakula chipsi mayai, na soda mbili za kufukuza usingizi! Mwaka mmoja tu wa zamu hizo, magauni yote yalikuwa yanambana.

Asubuhi hiyo jirani yake Marietha, muuguzi, alipita akampima presha.

"Umi, imepanda. Usifanye mzaha, mdogo wangu."

Umi akaingiwa na hofu. Akaeleza anavyokula.

"Hapo ndipo penyewe," akasema Marietha. "Usiku mwili unataka kupumzika. Ukiupa mafuta na sukari, unaishia kunenepa. Asubuhi unashindilia tena, unalala. Kula chakula kikuu kabla ya zamu. Kazini beba maji, tunda na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Ukirudi, kula kitu chepesi, ulale. Na kesho uje kituoni upimwe vizuri."

"Na Iddi nitamwambiaje?"

Wallahi, hilo lilimsumbua kuliko presha. Akakumbuka walipokuwa wakilima kijijini Kinjumbi, kabla ya kiwanda. Jioni walikaa mkekani, sinia moja, Iddi akimsogezea minofu. Hakuna aliyemwekea mwenzake chakula. Ah, siku zile zilikuwa tamu!

Iddi aliporudi kutoka kazini kwake sokoni, Umi akamweleza yote. Iddi akainamisha kichwa.

"Mke wangu, nikikupakulia, najiona niko nawe."

"Basi tule pamoja kabla sijaondoka."

Tangu hapo Iddi akawa anawahi kurudi kutoka sokoni. Baada ya swala ya alasiri walikaa mkekani: wali kiasi, mchicha tele, samaki, na maneno mengi ya Kinjumbi.

Miezi minne baadaye Marietha alikuja na mzani. Presha ya Umi ilikuwa imeshuka, na kilo tano zimepungua. Iddi naye akapanda, kwa utani tu. Kuliko alipopimwa mara ya mwisho kituoni, alikuwa ameongeza kilo tatu.

"Makubwa! Umezichukua za mkeo?" Marietha akacheka.

"Dada, nilipokuwa nakula peke yangu chakula kilikuwa hakinipiti."

Umi hakucheka. Mwaka mzima alilia na magauni yanayombana, asione shati la mumewe linavyompwaya.