Mama Anajifunza Kushona

Kila alipotoka shule, Pelagia aliteka maji, akafagia ua, kisha akaketi mlangoni mwa nyumba yao ya Mwisenge kupaa samaki wa jioni. Tangu mama yake, Daktari Eunice, aende Mwanza kusomea upasuaji, nyumba ilikuwa imepoa. Baba alirudi kutoka dukani giza limeshaingia. Pelagia alikula peke yake, na upweke huo ulimuuma.

Wenzake wangeweza kumchangamsha, lakini yeye mwenyewe alikuwa akiwakimbia. Siku moja alimsikia mama akisema kwenye simu kwamba wanajifunza kwa kupasua maiti kabla ya kuwapasua wagonjwa. Pelagia alisisimka mwili mzima. Kwao, mtu akitoka mazikoni hunawa kabla ya kuingia ndani. Nani basi angekula na mtoto wa mama anayeshika maiti? Rafiki yake Nyangi alipouliza mama anasomea nini, alijibu haraka, "Kushona."

Si madaktari hushona vidonda? Alijifariji hivyo. Hata hivyo, aliogopa Nyangi asije akaviona vitabu vya mama, akaacha kumkaribisha, akaacha pia kwenda kwao.

"Zamani ulikuwaga unakuja kwetu kila siku," Nyangi alilalamika. "Kwani nimekukosea nini?"

"Nina kazi nyingi," Pelagia alijibu, akaondoka. Njiani alilia.

Jumamosi moja mama alikuja likizo. Ugali ulipoiva tu na samaki aina ya sato akapakuliwa, hodi ikabishwa. Alikuwa Nyangi, amebeba joho la kwaya lililochanika begani.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Naomba unishonee, kesho tunaimba."

"Marahaba, mwanangu. Nikushonee mimi?"

"Si unasomea kushona? Pelagia ndo alituambiaga."

Pelagia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama alimtazama, akaelewa, wala hakufoka. Alichukua sindano na uzi, akaanza kushona. Kila alipopitisha sindano alifunga fundo, akakata uzi, akaanza upya.

"Mbona unakata kila mara?" Nyangi alishangaa.

"Ndivyo tunavyoshona watu," mama alisema. "Mimi ni daktari. Najifunza kwa mwili wa marehemu, ili makosa yangu yasimuumize aliye hai. Kabla ya kuanza tunasimama kimya kumshukuru. Tukimaliza, anazikwa kwa heshima. Na mikononi tunavaa glavu, tena tunanawa vizuri."

Pelagia aliinamisha kichwa, akijua sasa urafiki umekwisha.

"Kumbe ndo maana ulikuwa unanikimbia!" Nyangi alimwambia. "Mimi nikajua umenichukia." Akanawa mikono, akaketi karibu na sahani ya Pelagia.

"Umeona, mwanangu?" mama alisema. "Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea. Nyangi hakukutenga. Uliyemtenga mwenzako ni wewe, kwa uongo wako. Yule marehemu anayenifundisha hajanificha hata mshipa mmoja. Wewe uliye hai unamfichaje rafiki yako?"

Machozi yalimtoka Pelagia. "Nisamehe, Nyangi."

"Nimekusamehe," Nyangi alijibu, mkono wake ukiwa tayari kwenye sahani. "Ila kichwa cha huyu sato ni changu."