Ujumbe Ulioishia kwa Chiriku

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala kiporo kilichofunikwa jikoni, kisha akaenda kupiga soga na dada yake aliyekuwa akipiga pasi. Mama yao alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na dada, aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliopita, ndiye aliyezinyoosha. Alikuwa amesomea upimaji ardhi. Barua za kuomba kazi alikuwa ameandika mpaka vidole vikaota sugu, na majirani hawakuchoka kumuuliza, "Bado tu?" Naye aliwajibu kwa kicheko, "Bado, ila iko njiani."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Alhamisi moja dada alikwenda kutoa nakala za vyeti, akaiacha simu yake ikichajiwa. Chiriku akaichukua, akaanza kucheza mchezo wa magari. Alipokaribia kushinda, simu ikaita. Akapokea, akasema dada yake hayupo.

"Mwambie dada yako aje kesho saa tatu asubuhi kwa usaili," alisema mwanamke mmoja. "Ofisi ya wapimaji, nyuma ya posta. Aje na vyeti halisi. Usisahau, mwanangu."

"Sawa, nitamwambia," alijibu, akili yote ikiwa kwenye magari. Mara wenzake wakamwita nje kuruka kamba, na ujumbe ule ukamtoka kichwani kama maji kwenye pakacha.

Kesho yake, katikati ya somo la hisabati, mwalimu aliandika ubaoni: *Basi liliondoka saa tatu asubuhi.* Chiriku akakumbuka. Tayari ilikuwa saa tano kasorobo.

Alirudi nyumbani akiwa amekusudia kusema. Lakini alimkuta dada akiimba huku akikunja mashati, na ulimi ukawa mzito. Dada alipotoka kwenda uani, Chiriku aliishika simu, akaitafuta ile namba kwenye orodha, akaifuta. Hapo ndipo aibu ilipomwingia, nayo ikagoma kutoka. Siku zilizofuata hakuweza kumtazama dada machoni. Alikuwa kimya hata mama akamgusa paji la uso, akidhani ana homa.

Jumatatu alasiri aliwasikia wakizungumza chumba cha cherehani.

"Mama, nifundishe kushona," dada alisema kwa sauti ya chini. "Nadhani nimesoma bure. Hata wa kuniita tu anijaribu, hakuna."

Chiriku, aliyekuwa mlangoni, alijiona mdogo kuliko sisimizi.

"Walikuita," alisema.

Pasi ikabaki hewani. "Nani?"

Akaeleza yote, kamasi na machozi vikichanganyika. Dada hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Namba yao uliifuta?"

"Ndiyo, dada."

Dada akaizima pasi, akaingia chumbani, akafunga mlango. Afadhali angempiga kofi.

"Leo hakuna wa kukusemea," mama alimwambia Chiriku. "Kesho ukitoka shule utakwenda na dada yako, na mdomo huohuo ulionyamaza ndio utakaosema mbele yao."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu. Ramani zilizokunjwa zilisimamishwa pembeni kama mianzi, na vyombo vya miguu mitatu viliegemezwa ukutani. Mkuu wa ofisi, mzee ambaye miwani yake ilimshuka puani, aliwakaribisha. Wafanyakazi waliacha kuchora wakageuka kutazama. Chiriku alisimama, masikio yakimwaka moto, akasema yote, hata lile la kufuta.

"Nafasi ile imeshachukuliwa," mzee alisema.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilijua, mzee," dada alisema. "Sikuja kuidai. Nimekuja ili msidhani nilipuuza mwito wenu."

Mzee akavua miwani, akamgeukia Chiriku. "Mjukuu wangu, katika kazi hii kila mtu hukosea vipimo. Akisema mapema, tunapima upya, yamekwisha. Akificha, ukuta hujengwa juu ya kosa lake, na majirani wawili wakaja kutoana macho kwa ajili ya mpaka. Kusahau, hata mimi husahau. Lakini kufuta uliamua mwenyewe. Umefanya vyema kuja. Ila ungesema siku ileile, huenda dada yako angekuwa amekaa pale."

Akaonyesha meza ya dirishani. Kijana aliyeikalia aliinamisha kichwa, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kisha mzee akamgeukia dada. "Keshokutwa kuna kikosi kinakwenda kupima barabara, miezi mitatu. Nahitaji mtu wa kushika fito za kupimia na kuandika vipimo. Si kazi uliyoomba, na jua la huko halina huruma."

"Nitakuja," dada alisema, hata mzee hajafunga mdomo.

Njiani Chiriku alitembea hatua mbili nyuma.

"Dada, umenisamehe?"

Dada alitazama magari, wakavuka barabara. "Nusu," alisema. "Nusu iliyobaki utaipata kidogo kidogo, kila nitakapoona unasema ukweli kabla haujaoza. Ukweli ukiuchelewesha, anayelipa si wewe peke yako."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Dada akapunguza mwendo ili amfikie.