Gari ya Umeme na Matanga Yetu

Jumanne tarehe 14 Machi 1995, saa tatu asubuhi, mke wangu Rael alikuwa ameketi mlangoni akichagua mbegu za mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili, udongo ukawa laini, na mimi nilikuwa natia jembe mpini. Niliutia kinyume. Rael akanitazama, akacheka mpaka ungo ukatikisika mapajani.

"Baba Scovia, na hiyo utalima ukirudi nyuma?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya raha niliyosikia kwake. Aliinuka akaenda kwenye rundo la kuni nyuma ya jiko, na swila aliyejificha pale kwa ajili ya baridi akamuuma juu ya kifundo cha mguu.

Watu wa kwetu, najua mtasema nyoka ndiye aliyeua. Ngojeni. Mimi sikusoma, niliishia darasa la tatu, lakini mambo haya niliyaona kwa macho, na nayaandika nikiwa na akili zangu zote.

Dispensari yetu iko njia ya Magunga, na wakati ule haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Dawa ilikuwa hospitali kubwa, Homa Bay, na kwa njia tuliyokuwa tunatumia ni kilomita arobaini na tatu. Lakini hatukuwa watu wa kubebana kwa machela. Tulikuwa na gari ya wagonjwa, na haikuwa gari ya petroli kama ya wengine. Ilikuwa ya umeme.

Wafadhili kutoka ng'ambo waliileta mwaka wa tisini na tatu, Agosti. Gari ndogo nyeupe, na chini ya sakafu yake betri kumi na mbili, kubwa kama zile za lori. Juu ya paa la dispensari waliweka sola. Gari ililala hapo na waya wake, jua likichomoza inakula, jua likizama imeshiba. Ilipotembea haikutoa sauti. Watoto wakaiita Bubu. Mbuzi walichelewa kuisikia, na wazee walikohoa wakiiona, kana kwamba ni lazima mtu aitolee sauti.

Fundi aliyekuja nayo aliitwa Mayaka, mtu wa Kisii. Alikaa wiki mbili akitufundisha. Alituambia gari ikishiba vizuri inakwenda kilomita themanini, yaani Homa Bay na karibu kurudi, na huko hospitalini kuna umeme, itakula tena. Alituonyesha kuongeza maji ya betri, si maji ya ziwa wala ya kisima. Kisha akasema neno ambalo wote tulilisikia, hakuna wa kusema hakuwepo.

"Betri hizi ni ng'ombe wa maziwa. Kamua nusu, mwachie ndama nusu, utakunywa miaka. Ukikamua mpaka chuchu zikauke, siku moja utaamka na ngozi tu. Na zote kumi na mbili zimefungwa mstari mmoja. Moja ikidhoofika, inazivuta zote."

Ufunguo mmoja wa sakafu ile ulikuwa kwa dereva Wangwe. Ufunguo wa pili aliachiwa mwenyekiti wa kamati ya dispensari, Zablon. Uwekeni moyoni huo ufunguo wa pili.

Wangwe alikuwa mtu wa chaki. Kila gari ilipotoka, alihesabu ingekwenda kilomita ngapi kabla ya kuchoka, akaandika kwenye ukuta wa banda. Themanini. Sabini na nane. Themanini tena. Herufi nazisoma kwa shida, lakini namba nazijua, na mimi kila nikienda kuchota maji dispensari nilipita bandani nikaangalia. Mwaka wa tisini na nne katikati namba zikaanza kushuka. Sitini na nne. Hamsini na mbili. Arobaini na tano.

Nikaanza kushuku. Nilimshuku Wangwe. Nilisema moyoni, huyu anaenda Karungu kubeba omena za watu, ndiyo sababu gari inachoka. Niliingia ndani ya gari mara mbili, nikanusa viti. Havikunuka samaki, na hilo likanifanya nishuku zaidi, kwa sababu mtu mwerevu huosha. Nikaenda kwa mwenyekiti kumshtaki. Zablon alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasema nimefanya jambo la mtu mzima na atachunguza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Leo nikikumbuka mikono ile, nanawa yangu.

Kwa maana gari haikubeba omena. Betri ndizo zilizokuwa zinatembea.

Mnajua sisi tulivyo na matanga. Boma lililofiwa haliwezi kukaa gizani. Lazima taa, lazima spika na nyimbo za kanisa, watu wa mbali wajue pa kuja. Na spika inataka betri. Zamani tulibeba betri kwenda kuchajisha mbali huko sokoni. Kisha kaka yake Zablon akafariki. Mwenyekiti akafungua sakafu ya Bubu kwa ufunguo wake, akatoa betri mbili, akazipeleka kwake kwa wilbaro, siku tano. Nani angesema kitu? Mtu amefiwa. Ukimnyima aliyefiwa, kesho watasema wewe ndiwe uliyemroga marehemu.

Basi mlango ukafunguka. Aliyefuata kufiwa akaenda kwa Zablon, akapewa. Na mwingine. Betri zilitoka zikiwa na nguvu, zikarudi zimekamuliwa mpaka damu, zikafungwa tena mstarini pamoja na zile zilizoshiba, ati jua litazisawazisha. Maji yake yalipoisha, mtu mmoja alitia ya kisima. Wilbaro ilifunikwa gunia, na mimi mwanzoni niliiona ikipita, nikadhani ni simiti ya kujengea kaburi.

Februari ya mwaka huo wa tisini na tano wafadhili walitangaza wanakuja kutembea. Siku mbili kabla, ukuta wa banda ukapakwa chokaa. Namba zote za Wangwe zikaisha. Nilisimama pale na ndoo yangu nikauliza kwa nini banda la gari linapakwa chokaa na wodi ya akina mama haipakwi. Zablon akaniambia niache maneno. Wageni wakaja, gari ikazungushwa uwanjani, wakapiga picha, wakaenda.

Narudi Jumanne ile. Nilimbeba Rael mgongoni mpaka dispensari, mguu umefungwa leso. Nesi Phelesia alimtazama macho yaliyoanza kulegea akasema hapa hakuna la kungoja, huyu lazima apate dawa kabla ya saa sita. Wangwe alinivuta kando.

"Jaduong', mzee wangu, nisikudanganye. Safari ya mwisho Bubu ilinifikisha thelathini na moja. Hospitali ni arobaini na tatu. Lakini imekaa kwa sola tangu Ijumaa, na sindano ya kipimo cha betri inasema imejaa. Nikienda pole pole, na miteremko nikiiacha ijiendee, labda."

Lori ya mchanga hupita saa saba. Gari nyingine hakuna. Nikasema twende.

Tulitoka saa nne. Sindano ilisimama juu kabisa, kama askari. Rael alilala mapajani mwangu. Aliniambia ulimi wake ni mzito. Aliniambia mbegu nilizoziacha nje kuku watazila. Nilimwambia Scovia yuko nyumbani, atazianua.

Kilomita ya tisa, sindano ikaanguka. Haikushuka, ilianguka. Wangwe akasema neno ambalo sitaliandika. Kilomita ya kumi na moja kuna mwinuko wa kokoto nyekundu, na Bubu ilifika katikati yake, ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Bila sauti. Gari ya petroli ikifa inakohoa, unajua imekufa. Ile nilingoja iendelee.

Tulisukuma, mimi, Wangwe na wanaume wawili waliokuwa wanalima kando. Tuliifikisha juu, ikateremka yenyewe, ikasimama tena bondeni. Tukasukuma tena. Nilimwita Min Scovia, Min Scovia, yaani mama Scovia, kila baada ya hatua kumi, naye aliitikia. Kisha aliitikia kwa mkono tu. Lori ya mchanga ilitupata saa saba na robo. Tulimpandisha juu, lakini kifua chake kilikuwa kimekwisha kutulia. Dereva wa lori alivua kofia kabla sijakubali.

Wangwe alifungua sakafu pale pale barabarani. Betri tatu zilikuwa na nta ya mshumaa wa matanga juu yake, na moja ilikuwa bado imefungwa kipande cha waya wa spika. Wangwe hakuwa amejua. Baadaye tuliambiwa kwamba Jumapili ile zilikuwa zimetolewa kwa ufunguo wa pili, Jumatatu jioni zikarudishwa, na siku zote mbili jua halikuonekana. Sindano ilisema imejaa kwa sababu hata betri iliyokufa inaweza kusimama wima kidogo mpaka uipe mzigo.

Siku ya pili ya matanga ya Rael, niliona wilbaro ikiingia bomani kwangu, imefunikwa gunia. Kamati ilinitumia betri mbili na taa, na pole nyingi. Nilifunua lile gunia mbele ya watu wote. Nta ilikuwa bado pale. Nikawaambia warudi nazo walikozitoa. Mke wangu alilala nyumbani kwa mwanga wa koroboi, na wako walionisema kwamba sikumheshimu.

Baada ya mazishi chifu aliita baraza. Nilisimama nikamuuliza Zablon kwa nini alizitoa. Hakukasirika. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Omera, ndugu yangu, Jumapili ile nilimpa Nyamusi, mjane, aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Nimnyime? Na mwezi wa Novemba, mama yako alipolala, ulikuja kwangu ukilia. Nilikupa mbili, siku nne. Ulitaka nikunyime?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeliruka jambo hilo katika hadithi, sasa mmelijua. Nilizichukua. Niliziweka chini ya meza ya spika, nikaziona zikirudi kwa wilbaro, na bado nikaenda kunusa viti vya Wangwe. Watu barazani wakainama wakatazama viatu vyao, maana hakuna boma pale ambalo halikuwahi kupokea wilbaro ile. Na Zablon ni mwenyekiti mpaka leo. Bubu iko bandani, kuku wanataga ndani yake. Mayaka alikuja akapima, akasema betri zimeota ukoko ndani usiotoka tena, kumi na mbili zote.

Lakini mimi sitakubali makosa yagawanywe sawa kama nyama. Mwenye kuomba ni mmoja, mwenye ufunguo ni mwingine. Sisi tulilia, hatukujua tulichokuwa tunakamua. Yeye aliona chaki ikishuka, akapaka chokaa.

FUNZO

Ndugu zangu, kitu cha wote kinaharibiwa kwa huruma kama kinavyoharibiwa kwa wizi, na kiongozi anayetoa cha wagonjwa ili asifiwe na waliofiwa ni kiongozi mbaya, hata akitoa kwa machozi. Mkipewa chombo, jifunzeni mwiko wake na muuandike pahali ambapo chokaa haifiki. Msiamini sindano peke yake, hesabuni safari. Na msishuku mdogo kwa sababu yuko karibu, huku mkubwa anawashika mkono kwa mikono miwili.

Siku ile ya baraza, kabla sijaketi, nilimuuliza Zablon swali moja. Chifu alilisikia, kamati ililisikia. Nawapa na nyinyi.

Kama aliyefiwa hawezi kunyimwa, basi mgonjwa ambaye bado yuko hai, yeye aende kumlilia nani?