Mkanda wa Shemeji

"Harusi imehamishwa. Bwana harusi asivuke daraja."

Sauti ilitoka ndani ya kopo la grisi. Wakubwa wa idara ya upelelezi walikuwa wameficha redio ya mamilioni humo, bila kujiuliza grisi inafanya nini kwenye maiki.

"Rudia," Popo alinong'ona.

"Mnunuzi, yule Tai Nyekundu, yuko ng'ambo ya daraja. Kule hatuna mamlaka. Gari likifia mlimani, upande wetu, atavuka mwenyewe kuokoa mzigo. Hapo tunambana."

"Na dereva?"

"Dereva ni dereva. Mwisho."

Popo akafunika kopo. Bastola yake, Beretta, ililala chini ya spana. Iendelee kulala.

Silaha ya leo ilikuwa mkanda wa mpira wa injini.

Pikapu nyeupe iliingia gereji ikipiga kelele za kuumiza meno. Nyuma, turubai limekazwa kwa kamba mpya. Chini yake, maboksi ya dawa za homa za watoto. Ndani ya dawa, chokaa. Watoto walikuwa wameshazikwa kwa sababu ya chokaa hiyo.

Dereva akashuka akicheka. Mume wa dada yake.

"Shemeji! Mkanda unalia kuliko dada yako siku ya harusi."

"Siku ile alikuwa amekuona vizuri kwa mara ya kwanza."

Wakacheka. Popo akafungua boneti ili apate pa kuficha uso.

"Mjini mafundi wamejaa. Kwa nini mimi?"

"Mafundi wengine wanachungulia mizigo ya watu. Wewe ndugu yangu bwana."

Popo akatupia jicho turubai.

"Umebeba nini?"

"Viazi."

"Viache hapa. Nenda nyumbani ukakae na mkeo, tumbo lile limeshafika mwisho. Viazi nitajua mimi pa kuvipeleka."

Kicheko kikakatika.

"Mtoto anakuja, Popo, na mimi sina hata kitanda cha kumlaza. Funga mkanda."

Basi.

Popo akavuta tenshena, kikaza mkanda, kwa spana ndefu. Mkanda mkuukuu ukalegea, akauchomoa. Kidole gumba chenye grisi kikapita juu ya mchoro uliobandikwa chini ya boneti. Njia ya mkanda ikapotea.

Pikapu ile, mgongo laini wa mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji. Popo akachagua mkanda mfupi kidogo, akaupitisha upande wa pili wa puli ya pampu, meno ndani. Sasa pampu ingezunguka kinyumenyume. Betri ingechaji. Usukani ungekuwa mwepesi. Maji tu ndiyo yangegoma, na mlimani injini ingechemka.

Shemeji akawasha. Kimya kitamu.

"Una mikono ya daktari wewe!"

Akampiga begani, akaondoka.

Popo alikaa karibu na kopo mpaka likasema.

"Gari limekufa mlimani. Linafuka moshi."

Redio ikakwaruza.

"Tai Nyekundu anavuka."

Breki. Mayowe. Risasi moja, hewani.

"Tunao wote wawili. Kazi safi, Popo."

Nokia ikaita mfukoni. Dada.

"Kaka, mume wangu amekwama. Injini imechemka. Ameniambia nikupigie wewe tu, eti wewe ndiye unayeujua mkanda ule. Sasa simu yake haipatikani. Utamfuata?"

"Niliufunga kinyume, dada."

"Ulikosea?"

"Hapana."

Alisikia pumzi nzito za mwanamke mwenye mimba kubwa.

"Alibeba nini?"

"Dawa za watoto. Za uongo."

Upande wa pili kiti kikalia; dada alikuwa amekaa.

"Ulijua, ukamtazama akiondoka?"

"Nilimwambia aziache."

"Ulimwambia wewe ni nani?"

Popo akatazama kopo.

"Nikijifungua, usije kwangu."

Simu ikakatika.

Popo akanawa mikono kwa petroli, akachukua bastola yake na kopo la serikali.

"We fundi!" mwenye gereji akafoka. "Unaenda wapi? Kuna lori linakusubiri!"

"Tafuta mwingine, mzee."

Akavaa miwani yake ya jua, Ray-Ban, akatoka taratibu, kopo kwapani, mikono mfukoni, kama mtu asiye na haraka wala ndugu.

Mawingu yalikuwa yamefunika anga nzima. Hakuivua miwani.