Saa Kumi na Mbili ya Bwana Najua

Ndugu zangu wa Kwale, sogeeni. Yako maradhi ambayo dawa yake haiuzwi dukani wala mganga hana kombe lake, na nyumba nyingi zinayo. Leo nawapa habari za nyumba moja iliyoyaugua. Nikimaliza, kila mtu arudi kwake achungulie uvunguni mwake mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mzee Munyoki, kule Mivumoni, kwenye skimu, ambako Wakamba waliotoka bara walipewa ardhi wakapanda michungwa. Mwaka ni ule wa tisini na nane. Mvua za Elnino zilikuwa zimekwisha kubomoa madaraja na kuangusha nguzo za simu, na sasa mbingu imeoshwa, imetakata. Baada ya chakula cha jioni, Munyoki, mkewe Kavindu na binti yao Kavenya walikuwa wakiketi uani kwenye mkeka wakimenya machungwa. Ilibidi ganda litoke zima, refu, bila kukatika, na ambaye lake limekatika huchekwa mpaka alale. Nyumba ya amani ile, msinielewe vibaya.

Kavenya alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya hapo jirani. Alisomea Nairobi, akarudi, na watu wakasema amerudi kwa sababu ya wazazi. Kweli aliwapenda wazazi wake, lakini kilichomrudisha hasa ni giza. Nairobi ina taa nyingi mno, na yeye alikuwa na nyota yake. Ilikuwa ndogo, hafifu, upande wa kusini karibu na mkia wa Nge, na aliipenda tangu utotoni kwa sababu hakumsikia mtu yeyote akiitaja.

Mwaka huo nyota ile ilianza kufifia. Kila juma alipoitazama kwa darubini ndogo ya mkono, aliyoachiwa na mtalii mmoja aliyekuja kutazama ndege, aliiona imepungua kama koroboi inayoishiwa mafuta. Akamwandikia profesa wake wa zamani. Profesa akajibu kwa furaha kwamba nyota za namna hiyo ni chache sana: hujifunika masizi yake yenyewe, zikakaa gizani miezi kadhaa, kisha zikajifunua. Masizi yale ni ya nini na hutoka wapi, huwezi kujua ila uikute nyota imejifunika, tena uwe na darubini kubwa hasa.

Darubini kubwa hiyo ilikuwa kusini mwa Afrika, juu ya mlima mkavu. Na msidhani inakodishwa kama baiskeli! Huombwa, kama mke anavyoposwa. Unaandika nyota unayoitaka, mikesha mingapi, utafanya nini nayo, na mtu mwenye jina akutilie sahihi. Kisha kamati yao inaketi, inasoma maombi ya dunia nzima, na wanaorudishwa ni wengi kuliko wanaokubaliwa. Kavenya aliomba mikesha mitatu. Hakuwahi kutamani kitu namna ile, si mume, si nyumba ya mawe. Sehemu moja waliuliza: "Kwa nini sasa?" Alikaa na swali hilo siku nyingi, kisha akaandika, "Kwa sababu haitangoja."

Alikwenda Ukunda akayatuma maombi kwa faksi. Alipokuwa akirudi alipita kwenye mitumba akanunua sweta, zito, la sufu, kwa maana alisikia mlimani kule kuna baridi ya kukata masikio. Mwenye mitumba alimcheka: sweta Kwale? Kavenya akalikunja, akaliweka sandukuni, na mara kwa mara akawa analifungua na kulinusa.

Jioni moja alimwonyesha baba yake. "Baba, unaiona ile nyota yangu? Ile ndogo, inayokaribia kupotea, kushoto kwa mkia wa Nge."

"Naiona. Naijua tangu nilipokuwa bawabu wa hoteli Diani," alisema Munyoki, akanyoosha kidole kwenye jinyota kubwa linalowaka upande mwingine kabisa.

Kavenya akatazama kidole cha baba yake, akainamisha kichwa, akaendelea kumenya chungwa. Hapo ndipo ufa ulipoanzia, na hakuna aliyeuziba.

Maana Mzee Munyoki, mtu mwema, mkarimu, asiyekula peke yake, alikuwa na ugonjwa ninaousema. Hakuwahi kusema "sijui". Ukimuuliza njia ya mahali asipopafahamu, atakuelekeza. Ukimweleza jambo jipya, atakwambia ni la zamani. Hapo Mivumoni walimwita Bwana Najua, na yeye akalipokea jina kama nishani.

Tangu Elnino, simu pekee iliyokuwa hai sehemu zile ilikuwa dukani kwa Mwinga, pale senta penye maduka, na nambari hiyo ndiyo Kavenya aliyoiandika kwenye maombi. Alasiri moja ikalia. Kavenya alikuwa shuleni, lakini Munyoki alikuwa pale pale kibarazani, na duka limejaa watu. Alipokea yeye. Mwanamke wa kule kwenye darubini alisema kwa Kizungu cha haraka kwamba maombi yamefika, mazuri, ila ukurasa wenye sahihi ya profesa umetoka mweusi tititi. Utumwe upya kesho, kabla ya twelve, kwa maana kamati itaketi.

"Yes, madam. Twelve, madam. No problem, madam," alijibu Munyoki kwa Kizungu chake cha getini, kifua mbele. Simu ikakatwa.

"Mzee," aliuliza Mwinga, "umemuuliza ni twelve ya mchana au ya usiku?"

"Mwinga, wewe pima sukari."

Watu wakacheka, Munyoki akashika njia. Sasa nyinyi nyote mnajua kwamba twelve ya Kizungu ni saa sita yetu. Hata Munyoki alilijua hilo. Miaka yote kwenye geti la hoteli alikuwa akigeuza saa za Wazungu kuwa zetu bila hata kufikiri. Lakini siku ile macho ya watu yalikuwa yamempandisha kichwa, na njia nzima akawa analikariri neno lisimponyoke: twelve, kumi na mbili, twelve, kumi na mbili. Alipofika nyumbani, twelve ilikuwa imedondoka njiani, imebaki kumi na mbili.

"Ukurasa wa sahihi utumwe upya kesho, kabla ya saa kumi na mbili jioni," alimwambia bintiye. Hiyo "jioni" aliiongeza mwenyewe.

Moyo wa Kavenya uliruka kwa furaha kwanza, kisha ukashtuka. "Baba, samahani. Ni saa kumi na mbili yetu, au walisema kwa saa zao?"

Munyoki akaweka kikombe chini. "Kwani mimi geti la hoteli nililifungua kwa lugha gani? Kwa Kikamba?"

"La, Baba. Nilitaka tu kuhakikisha."

"Mwanangu," akaingilia Kavindu kwa sauti ya chini, "baba yako amekwisha sema."

Dukani kwa Mwinga hapakuwa mbali, na Mwinga alisikia kila neno. Kavenya angeweza kwenda kumuuliza. Lakini kwenda kuuliza kwa jirani, baba akiwa amekwisha sema, huko ni kumvua baba nguo mbele ya watu. Hakwenda.

Asubuhi shuleni kulikuwa na mtihani wa muhula. Alifikiri kumwomba ruhusa mwalimu mkuu, Bi Mwanarusi, kisha akajiambia, ya nini, na muda ninao? Akasimamia mtihani wake, akitembea kati ya madawati na ukurasa wa sahihi umo mkobani. Adhuhuri jua lilisimama utosini, kivuli chake kikawa chini ya nyayo zake, naye akatabasamu peke yake akiwaza mlima.

Alifika Ukunda alasiri, mapema, bila haraka. Binti wa duka la faksi aliitwa Cynthia, wa kutoka bara. Alimkumbuka. "Madam wa nyota! Leta hiyo page tuitume chap chap."

Mashine ikaumeza ukurasa polepole, ikaguna, ikautema. Kavenya alilipa akashukuru. Alikuwa amekwisha shika mlango pale mashine ilipoguna tena. Cynthia akakivuta kikaratasi, akakisoma, uso ukambadilika.

"Madam, ngoja. Wamejibu. Wanasema... pole sana, ai. Wanasema walifunga saa sita. Eti wanasikitika, walikungoja, ujaribu msimu ujao."

Kavenya alikisoma mwenyewe. Alikisoma tena, kana kwamba maneno yangeweza kujipanga upya. Yule mwanamke aliongeza kwa mkono wake kwamba ombi lake lilikuwa miongoni mwa yaliyowavutia zaidi. Hilo ndilo lililomliza.

Alipopitia kwa Bi Mwanarusi, macho mekundu, akamweleza yaliyompata, mama yule alishika kiuno. "Hee! Si ungeniambia tu, mwanangu? Ningekuruhusu tangu asubuhi."

Nyumbani Kavindu alikuwa akitwanga, Munyoki akinoa jembe. Kavenya hakupandisha sauti.

"Baba, shikamoo. Yule mama wa jana alitamka neno gani hasa? Kwa Kizungu."

"Marahaba. Alisema twelve."

Mchi ukasimama hewani. Kavindu hakusoma sana, lakini saa aliijua.

"Twelve ni saa sita, Baba," alisema Kavenya.

Munyoki akafungua kinywa. Mama na binti walilijua neno linalokuja: najua. Lakini safari ile halikuja. Akaliweka jembe chini.

Kavenya hakumtukana, hakumnunia. Ingekuwa afadhali kwa mzee kama angemnunia. Aliingia ndani akalifunika sanduku lenye sweta, na tangu siku ile hakulifungua. Kila jioni alitoka uani na darubini yake ndogo kuiaga nyota, ikazidi kufifia mpaka ikatoweka kabisa, na yeye akakaa akiangalia pale mahali pake peusi. Alijua kwamba huo ndio wakati wenyewe, na kwamba kule mlimani darubini kubwa ilikuwa ikitazama kitu kingine cha mtu mwingine. Halafu, kabla msimu mwingine wa maombi haujafunguliwa, nyota ikaanza kurudi.

Karatasi mpya za maombi zilipofika, Kavenya aliandika jina, akaandika nyota, akafika kwenye lile swali. "Kwa nini sasa?" Alikaa nalo usiku na mchana. Hakuwa na jibu. Karatasi haikutumwa, na nondo wakaingia sandukuni wakalianza sweta.

Jioni moja ya Oktoba waliketi uani. Ganda la Munyoki likakatika mikononi, na hakuna aliyecheka.

"Kavenya," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Ile nyota yako ni ipi?"

"Si ulisema unaijua, Baba?"

"Sikuijua. Sijapata kuijua. Nionyeshe, mwanangu."

Kavenya alisogea, akamshika baba yake kiganja chenye harufu ya machungwa, akakielekeza kusini polepole mpaka kidole kikatua mahali pake. "Ile ndogo. Umeiona?"

Munyoki aliangalia kwa muda mrefu. "Nimeiona. Inang'aa vizuri."

"Ndiyo, Baba. Imekwisha jifunua."

"Itajifunika tena lini?"

"Haijulikani. Labda mwakani, labda sisi tumeshakufa. Hata wale wenye darubini, ukiwauliza, wanakwambia hawajui."

Mzee akageuka akamtazama. "Wanasema hivyo? Kwa vinywa vyao?"

"Kwa vinywa vyao, Baba."

Munyoki akajifunika uso kwa shuka lake, akalia.

FUNZO

Ndugu zangu, ujuaji ni ugonjwa, na anayeugua si anayeumia. Mzee Munyoki hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, alimpenda bintiye kuliko roho yake, na kwa neno moja ambalo hakutaka kulirudia aliharibu kitu ambacho binti yule alikitamani kuliko vyote. Kuuliza si ujinga. Mficha uchi hazai, na mwenye kuficha asilolijua huwafanya tasa hata wanawe.

Nanyi vijana, nawaambia pia: kumheshimu mzazi si kumwacha anyooshe kidole mahali pasipo penyewe. Siku ile ya kwanza, kama Kavenya angemshika baba yake mkono kwa adabu akamwambia, "Si hiyo, Baba, ni hii," pengine mzee angekwisha zoea kuonyeshwa. Basi leo mkifika nyumbani, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja ambalo yeye mwenyewe halijui. Mwanzo ulimi utakuwa mzito, lakini hauvunjiki.