Siku Ishirini na Nane za Safina

Kila asubuhi saa moja na nusu Safina alifungua duka la pembejeo mjini Nachingwea. Alifagia kibaraza. Alipanga mabomba ya kupulizia dawa. Kisha alivaa koti lake la bluu na kuwasubiri wakulima wa korosho.

Kazi aliijua. Mkulima akitaja idadi ya mikorosho yake, Safina alimwambia hapohapo anahitaji dawa ya unga ya salfa kiasi gani. Alimkumbusha pia kufunga kitambaa puani. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka minne, kwa mshahara wa mwezi. Mwenye duka aliitwa Bwana Teofili.

Mwezi Juni mwaka 2008, Safina alipata kazi nyingine. Shule moja ya sekondari Ruangwa ilimtaka awe mtunza stoo. Alifurahi sana. Mume wake, Hamidi, alikuwa fundi seremala hukohuko Ruangwa. Mtoto wao, Mwantumu, alimwona baba yake mara moja tu kwa mwezi.

Mkuu wa shule alimwambia wazi, "Uripoti Jumatatu, tarehe mosi Septemba. Uje na cheti chako halisi cha kidato cha nne. Usipofika siku hiyo, namchukua mwingine."

Lakini Bwana Teofili hakutaka Safina aondoke. Na cheti hicho kilikuwa kwenye droo ya Bwana Teofili tangu siku alipomwajiri.

"Bosi, nimepata kazi Ruangwa," Safina alimwambia.

Bwana Teofili hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Nani alikuleta hapa?"

"Mjomba Awadhi."

"Basi aliyekuleta aje kukuchukua. Mimi sizungumzi na watoto."

Safina alikuwa na miaka thelathini na moja.

Hata hivyo, katika ukoo wao mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake. Mjomba Awadhi ndiye aliyempeleka dukani siku ya kwanza na kumkabidhi kwa bosi. Safina akaona ni sawa mjomba aje kumwombea.

Mjomba alikuja kutoka kijiji cha Naipingo kwa baiskeli. Alivaa kanzu, na nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga jogoo.

"Bwana mkubwa, tumekuja kumwomba mtoto wetu," alisema. "Mume wake yuko Ruangwa. Tunaomba umruhusu."

"Nimekusikia, mzee wangu," alijibu Bwana Teofili. "Ila sasa ni msimu wa salfa. Subiri kidogo, tutaongea."

Akampokea jogoo.

Katikati ya Julai mjomba alirudi, na jogoo wa pili. Safari hii Bwana Teofili alisema anasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Mzigo ukifika, wataongea. Jogoo wa pili naye akapokewa.

Mzigo ulifika. Hakuna aliyeongea.

Siku ya mwisho ya Julai, Safina alikuwa uani akisugua sufuria kwa hasira. Jirani yake, Makrina, alikuwa akianika nguo. Makrina alikuwa karani katika ofisi ya wilaya, amehamishiwa hapo kutoka Songea. Barua za kazi za watu zilipita mikononi mwake kila siku.

"Hiyo sufuria itatoboka," Makrina alisema. "Imekukosea nini?"

Safina akamweleza yote. Makrina alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani uliolewa pale dukani, mpaka mjomba aende kudai talaka?"

Safina alicheka bila kupenda. "Sasa nifanye nini, dada? Nisiende tu kesho? Nikae nyumbani mpaka achoke?"

"Hapo ndipo utaharibu kabisa. Ukipotea bila taarifa, mwenye kosa ni wewe. Anaweza kudai mshahara wa siku za notisi. Anaweza hata kusema umetoroka na vitu vyake."

"Lakini hajaniruhusu. Na hatukuandikiana mkataba wowote."

"Amekulipa kila mwezi miaka minne. Hiyo ni ajira, karatasi iwepo isiwepo." Makrina aliweka beseni chini. "Nisikilize, mdogo wangu. Likizo unaomba. Kuacha kazi huombi, unatoa taarifa. Anayelipwa kwa mwezi anatoa taarifa ya siku zisizopungua ishirini na nane, kwa maandishi. Siku hizo unafanya kazi yako vizuri. Zikiisha, umemaliza. Akubali au akasirike, siku zinahesabika."

"Na mjomba je?"

"Mjomba mheshimu, mpe habari. Lakini sheria ya kazi haina mjomba."

Jioni hiyo walikaa mkekani na kuandika. Safina alijaza nusu ukurasa kwa kuomba radhi. Makrina alisoma, akakunja uso.

"Unaacha kazi au unatubu dhambi? Andika tena."

Barua ya pili ilikuwa fupi:

"Nachingwea, 1 Agosti 2008. Bwana Teofili, ninakutaarifu kwamba ninaacha kazi, kwa sababu ninahamia Ruangwa kwenye familia yangu. Siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2008. Siku hiyo nitakabidhi funguo na vitu vyote vya duka. Tafadhali unirudishie cheti changu cha shule na unipe cheti cha utumishi. Wako, Safina Swalehe."

"Cheti cha utumishi ndicho kipi?" Safina aliuliza.

"Karatasi inayoonyesha ulifanya kazi gani, kwa nani, tangu lini mpaka lini. Mwajiri anapaswa kukupa unapoondoka. Sasa nakili barua hii mara mbili zaidi. Moja anachukua yeye. Moja anasaini, inabaki kwako. Ya tatu tunaiweka akiba; akikataa kusaini, unamtumia kwa posta. Na uende na shahidi."

Asubuhi Safina alikwenda na Ashura, muuza vitenge wa duka la pili. Bwana Teofili alisoma mistari miwili tu.

"Sisaini upuuzi," alisema, akaisukuma barua. Ikaanguka sakafuni.

Safina aliiokota, akaiweka tena mezani. "Nimekupa, bosi. Dada Ashura ameona."

Kwenye nakala yake aliandika, "Amekataa kusaini, 1 Agosti, saa tatu asubuhi." Ashura akasaini chini yake. Mchana Safina alipeleka ile nakala ya tatu posta, akaituma kwa bosi kwa rejista. Risiti aliitunza.

Wiki nne hizo zilichosha. Leo bosi alisema amemfukuza. Kesho yake alisema Safina haendi popote. Alimfanya Safina aoshe mabomba yote ya dukani, hata mapya. Safina aliyaosha. Hakuchelewa hata siku moja.

Kisha bosi alituma ujumbe Naipingo. Mjomba Awadhi akaja mbio.

"Safina, bwana mkubwa anasema umemtukana kwa barua."

Safina alimsomea barua yote, taratibu. Mjomba alitega sikio.

"Tusi liko wapi hapo?"

"Halipo, mjomba."

"Basi huyu bwana amekula jogoo wangu wawili bure."

Tarehe 29 ilifika. Safina na Ashura walihesabu mifuko ya salfa, mabomba, na mizani. Waliandika kila kitu. Bwana Teofili alikaa pembeni na kukataa kusaini mpaka saa kumi na moja.

"Ziache funguo mezani, uende zako," alisema.

"Siziachi bila maandishi, bosi. Kesho kikipungua kitu nitaulizwa mimi. Hakiki, saini, funguo hizi hapa."

Bosi alihakiki huku akisonya. Hakukuta kilichopungua. Akasaini.

"Na cheti changu?"

"Kilipotea."

Zilikuwa zimebaki siku tatu tu kufika Jumatatu. Safina alikumbuka jinsi Makrina alivyosisitiza maandishi.

"Sawa. Niandikie kwamba kimepotea mikononi mwako, na usaini. Nitaipeleka karatasi hiyo ofisi ya kazi, Lindi."

Bwana Teofili aliitazama kalamu. Hakuichukua. Alifungua droo, na cheti kilikuwa juu kabisa, kina alama ya duara ya kikombe cha chai. Kisha akaandika cheti cha utumishi: jina, kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Akapiga mhuri. Hakuongeza hata neno moja la sifa, na Safina hakumwomba.

Jumatatu asubuhi, Hamidi alimpeleka Mwantumu darasa la awali, na Safina alifika shuleni. Mkuu wa shule, Mwalimu Brighton, alisoma vyeti vyote viwili.

"Bosi wako alikuruhusu bila shida?"

"Nilimpa taarifa, mwalimu. Siku ishirini na nane."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akampeleka stoo. "Maharage yameingia wadudu," alisema, akamnyooshea funguo. "Anza na hayo."

Safina hakuzipokea bado. Alitoa daftari na kalamu.

"Tuhesabu kwanza vilivyomo, mwalimu," alisema. "Halafu tusaini wote wawili."